Mnazi wa Tulia Ulikufa Mara Mbili

Saa mbili asubuhi, Jumamosi ya pili ya Novemba 1997, Solomon Semboja anauvisha mti sponji.

Ni ile sponji nyeusi ambayo mafundi bomba wa Minnesota huzungushia mabomba yasipasuke kwa barafu. Anaifunga kwenye shina, anaikaza kwa utepe, kisha anainama na kuchungulia katikati ya majani kwa muda mrefu. Baridi imefika nyuzi nne chini ya sifuri na mikono yake haina glavu. Anasema akivaa glavu hajui mti unasemaje.

Mti wenyewe unamfika kiunoni. Una shina lenye manyoya ya kahawia na majani mapana yaliyokunjuka kama upepeo wa kupulizia jiko. Umepandwa ubavuni mwa jengo la nyumba za kupanga hapa Eagan, upande wa kusini, karibu na tundu linalotoa hewa ya mashine za kukaushia nguo. Hewa hiyo ni ya moto, na inanukia sabuni ya watu wengine.

"Wapangaji wakifua sana, mti unashukuru," anasema Solomon. "Tabu ni sikukuu. Watu wanasafiri, hakuna anayefua. Siku hizo nafua mimi, hata shuka safi."

Baada ya sponji atazungushia waya wa kuku na kuujaza majani makavu aliyokusanya uwanjani. Ndani atapitisha taa za Krismasi, zile za zamani zinazochemka. Juu yake litakaa sanduku la mbao alilolipigilia mwenyewe. Mti utakaa gizani hadi Aprili, na yeye atakuwa akisoma kipimajoto kila asubuhi kabla ya kunywa chai.

Wanjohi, Mkenya anayeishi ghorofa ya pili na kufanya kazi ya kuhudumia wazee, anapita akielekea kwenye gari lake na kikombe cha kahawa.

"Huyu msee si wa kawaida," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Mimi naenda job nikifriji, yeye anavalisha mti jacket. Nilimwambia, brother, hii kitu ita-die tu. Lakini ona! Five years na haijawahi kufa!"

Solomon anacheka kidogo bila kuinua macho. Wakati huo mwandishi alidhani ni unyenyekevu.

Solomon ana miaka thelathini na minane. Alizaliwa katika kijiji cha minazi karibu na Pangani, akaja Marekani mwaka 1986 kusomea uhandisi. Baada ya miaka miwili aliyekuwa akimlipia ada aliacha kulipa. Leo ni fundi wa majengo haya: anazibua vyoo, anabadilisha vitasa, anakwangua theluji. Analipwa dola tisa na nusu kwa saa na anapunguziwa kodi ya nyumba.

Kazi hiyo imemfundisha siri za watu. Anajua nani ametupa nini chooni na nani amepiga ngumi ukuta. "Aibu ya maiti aijuaye mwosha," anasema. "Mimi ndiye mwosha wa hapa. Sisemi."

Kwao, mtoto akizaliwa na kitovu kikakauka na kukatika, bibi yake hukizika, na juu yake hupanda mnazi. Mnazi huo ni wa mtoto. Akiulizwa kwao ni wapi, huonyesha mti. Solomon anao wake, na mama yake, Bi Dinah, bado huuangua nazi.

Mei 1992 alizaliwa Tulia, mtoto wa kwanza na wa pekee wa Solomon na mkewe Verediana, mwenyeji wa Bukoba ambaye ni msaidizi wa wauguzi. Kitovu kilipokatika, Verediana alikiweka kwenye kikopo cha filamu ya kamera. Barua ya Bi Dinah ikaja: kizikwe, na mnazi upandwe.

Mnazi Minnesota! Hata kichaa angeuliza mara mbili. Lakini Solomon alikuwa ameona katika kitabu cha matangazo cha wauza miche picha ya mti wa Uchina, wa ukoo wa mnazi, unaovumilia baridi. Akauagiza kwa posta. Juni akachimba shimo, akakizika kitovu ndani ya pamba, akapanda mti juu yake. Kisha akamwandikia mama yake: mnazi umepandwa.

Hapo ndipo Kiswahili kilipomtega. Lugha yetu ina mnazi, mtende, mchikichi, mkindu, mvumo na mkoma. Kila mmoja una jina lake na kazi yake, lakini ukoo wote hauna jina moja ambalo mtu wa kawaida hulitumia. Mti wa Uchina haumo. Solomon angeandika nini? Aliandika lile neno ambalo mama yake alitaka kulisoma.

"Sikuona kama ni uongo," anasema. "Niliona ni tafsiri."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Solomon ilirefuka kwanza. Mti ulivuka msimu wa kwanza wa baridi. Alimpiga picha Tulia akiwa amekalishwa karibu nao, akaituma Pangani. Bi Dinah akaitembeza kijiji kizima.

Asubuhi hii, mwandishi anauliza swali jepesi, la kujaza daftari tu: mti umeongezeka kiasi gani tangu mwaka huo?

Solomon anaendelea kufunga utepe. Anayejibu ni Tulia, aliyesimama pembeni amevaa kofia ya sufu inayomfunika nyusi. Tulia husikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno yake humu ni tafsiri.

"Haukui," anasema. "Mimi nimeupita. Bibi aliuliza kwenye barua kwa nini haukui. Baba alisema ni kwa sababu ya baridi."

Anakimbilia ndani. Solomon anaweka utepe chini.

"Mwandishi," anasema, "njoo huku kwenye mitambo kuna joto."

Katika chumba cha mitambo ya kupasha moto majengo, Solomon anageuza ndoo mbili na kumkaribisha mgeni. Anazungumza akiangalia sakafu.

Januari 1994 baridi ilikuwa kali kuliko alivyoijua. Aprili alipolifungua sanduku, majani yalikuwa bado kijani. Alifurahi. Akashika jani changa la katikati, lile linalosimama kama mkuki, akalivuta kidogo tu. Likachomoka lote mkononi, limeoza chini, linanuka.

"Ukiona hivyo mti umekwisha," anasema. "Moyo umeoza. Majani ya pembeni hayajapata habari tu."

Siku hiyo alikuwa na orodha ya kazi. Vichaka kumi na viwili vya bustani vilikuwa vimekufa, na meneja alitaka vyote viondoke kabla ya gari la taka kufika. Solomon alichukua sepeto, akang'oa kichaka kimoja baada ya kingine, na udongo wake na mizizi yake, akatupia kwenye pipa kubwa. Mti wa Tulia ulikuwa wa kumi na tatu. Aliung'oa vilevile, akaunyanyua na bonge lake la udongo, akautupa. Gari likaja likabeba.

"Nilikwenda kunawa," anasema. "Nikawa nasugua udongo kwenye kucha. Hapo ndipo nikakumbuka ule udongo una nini."

Alitoka mbio, mikono ina sabuni. Pipa lilikuwa tupu.

Mwandishi wa makala haya anakiri kwamba alijifanya anatafuta kalamu.

"Sikulia," Solomon anasema. "Mtu anayelia ni yule aliyefiwa. Mimi niliona aibu tu. Nilikitupa kitovu cha mwanangu pamoja na vichaka vya kampuni. Nilikitupa kikazi. Tangu siku ile nikimshika mwanangu mkono naona aibu."

Wiki mbili baadaye akaagiza mti mwingine, wa urefu uleule, akaupanda katika shimo lilelile. Hakumwambia mtu. Februari 1996 kipimajoto kikashuka hadi nyuzi thelathini na tano chini ya sifuri, umeme ukakatika, taa za Krismasi zikazimika, na mti wa pili nao ukafa. Ule anaouvisha leo ni wa tatu. Yote mitatu ilinunuliwa kwa kipimo kimoja, ndiyo maana mnazi wa Tulia haukui.

Alipokuwa akiupanda wa tatu, Verediana alirudi kazini mapema akamkuta. Ikabidi aseme yote.

Verediana, ambaye mwandishi alimkuta jikoni akimenya ndizi, hakuwa na mzunguko. "Mti sijali. Mti ni mti," alisema. "Lakini kitovu ni cha mwanangu. Nilikikausha mimi, nikakilinda mimi. Baba Tulia nilimsamehe siku ileile. Nilichoshindwa kusamehe ni kwamba alinyamaza miaka miwili, na mpaka leo ananyamaza kwa mama yake. Na mama anakuja."

Hilo ndilo linalomnyima Solomon usingizi. Bi Dinah, mwenye miaka sitini na saba, amepata viza. Atafika Juni mwakani. Katika barua yake ya mwisho ametaja jambo moja tu analotaka kufanyiwa: apelekwe kwenye mnazi wa mjukuu wake, aumwagie maji kwa mkono wake.

Jumamosi hiyo jioni, kwenye ndizi na nyama, ilijulikana kwa nini Solomon alimkaribisha mwandishi wa gazeti nyumbani kwake.

"Mama husomewa gazeti na kasisi," alisema. "Nilifikiri ukiandika wewe, kwa lugha nzuri, atasikia taratibu. Atakuwa ameshazoea kabla hatujaonana."

Verediana aliweka mwiko chini. "Baba Tulia. Unataka mama yako asikie aibu yako mbele ya kasisi? Na wanakwaya wamekaa barazani?"

Solomon aliinamisha kichwa. Mwandishi naye alimweleza, kwa upole kadiri alivyoweza, kwamba gazeti limefanya kazi nyingi chafu lakini bado halijawa mshenga wa toba. Kama hatampigia simu mama yake, makala haya hayataandikwa.

Jumapili ya pili ya kila mwezi Bi Dinah husubiri simu nyumbani kwa kasisi saa moja jioni, ambayo Eagan ni saa nne asubuhi. Solomon alikwangua kadi ya simu, akabonyeza namba akakosea, akabonyeza tena. Verediana alimwashia kipaza sauti bila kumwomba ruhusa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo huko? Mke mwenzangu hajambo?" Mke mwenza ni Tulia. Ndivyo bibi humtania mjukuu.

"Hajambo, mama. Mama, nina neno. Ule mti…"

"Umekufa?"

"Ule mti si mnazi."

Kasisi alisikika akikohoa kwa mbali. Kisha Bi Dinah akacheka, kicheko kirefu chenye kikohozi ndani yake.

"Solomon, mimi nimezaliwa minazini. Mnazi wenye jani kama upepeo umeuona wapi? Nimejua tangu picha ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, na picha nilikwisha kuitembeza? Watu waliniuliza, Bi Dinah, mbona mnazi wa mwanao una nywele? Nikawaambia minazi ya baridi huota manyoya. Nimekudanganyia kijiji kizima, mwanangu. Hata kasisi huyu hapa."

Verediana alifunika mdomo. Solomon hakucheka. Jasho lilikuwa likimtoka katika chumba ambacho dirisha lake lilikuwa na barafu.

"Mama, na kitovu nilikitupa."

Solomon alieleza, maneno yakigongana: vichaka, pipa, gari la taka. Alipofika kwenye sabuni mikononi, mama yake alimkatiza.

"Gari lilikipeleka wapi?" Bi Dinah aliuliza. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Jalalani, mama."

"Jalala gani?"

"Sijui."

"Miaka mitatu, na hujui?"

"Niliona aibu kuuliza."

"Sikiliza, Solomon. Kutupa ni bahati mbaya. Kutojua ulipotupa ni uvivu." Alikuwa akisema polepole, kama anayempa mtoto dawa. "Kitovu hakiulizi kama kilizikwa vizuri. Kipo mahali. Hapo kilipo ndipo kwao mtoto. Katafute. Nikija Juni sitaki kuonyeshwa hayo manyoya. Nataka kupelekwa hapo. Na mtoto umwambie wewe mwenyewe, kwa kinywa chako."

Kadi ikaisha kabla ya kuagana.

Jumatatu Solomon alipiga simu kwa wabeba taka, akazungushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine. Kila alipoulizwa anatafuta nini, alisema "kitu cha familia" na masikio yakamwiva. Alhamisi akapata jibu: taka za upande wao mwaka ule zilimwagwa kwenye kilima kimoja ng'ambo ya Apple Valley. Sehemu ya 1994 imeshafunikwa udongo na kuoteshwa nyasi.

Ijumaa jioni alimwita Tulia sebuleni, akazima televisheni, akamwambia. Mwandishi hakuwepo, Verediana ndiye aliyesimulia. Anasema Tulia alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza maswali matatu. Kwa hiyo mti wa nje si wangu? Si wako, wako ulikufa. Na uliniambia haukui kwa sababu ya baridi? Ndiyo, nilikudanganya. Na Bibi pia ulimdanganya? Ndiyo, na Bibi pia. Tulia akaenda kulala bila kumpa baba yake mkono wa usiku mwema.

Jumamosi mchana, wiki moja tangu ule utepe na sponji, gari la Solomon, likiwa na Verediana, Tulia na mwandishi ndani, linasimama mbele ya lango la waya. Usiku theluji imeanguka, na mashamba yote ya njiani ni meupe. Mwanamke mnene aliyevaa koti la rangi ya machungwa anatoka kibandani.

"Niwasaidie nini?"

"Tunatembea tu," Solomon anaanza kwa Kiingereza. "Tunaangalia…"

Anamwona Tulia kwenye kioo cha gari. Mtoto anamtazama, hapepesi. Solomon anashuka, anavua kofia.

"Samahani. Hatutembei. Mwaka 1994 nilitupa kitovu cha binti yangu kwa makosa. Kwetu ni kitu kikubwa. Nataka aone kilipo."

Mwanamke huyo hacheki. Anasema kila mwaka huja watu. Wengi hutafuta pete, mmoja alikuja kutafuta meno ya marehemu mumewe, na hakuna aliyewahi kupata kitu. Haruhusiwi kuwaacha wachimbe. Lakini kuangalia, anasema, hakuna sheria inayokataza. Anawaonyesha kwa kidole: mteremko wa kushoto, kati ya bomba la pili na la tatu.

Wanapanda. Mabomba meupe yanachomoza ardhini kutoa hewa ya taka zinazooza chini. Kuzunguka mabomba hayo theluji imeyeyuka, na nyasi zinaonekana, mbichi. Solomon anapiga goti, anaweka kiganja chini. Mtu huyu aliyehangaika miaka mitano na sponji na taa na nguo za wapangaji anakaa hivyo muda mrefu.

"Kuna joto," anasema.

Verediana anainama, anagusa, anaitikia kwa kichwa. Tulia hagusi. Anahesabu mabomba kwa kidole, kutoka langoni hadi waliposimama, mara ya kwanza kwa sauti na mara ya pili kimya, midomo ikicheza.

Solomon anamweleza mwandishi mpango wake. Bi Dinah atatua uwanjani tarehe kumi na tatu Juni. Atapumzika siku mbili. Siku ya tatu watakuja hapa wote wanne na chupa ya maji, naye atamtembeza mama yake hadi juu, polepole kwa sababu ya magoti yake, na kumwambia ni hapa. Anasema atakuwa bado anaona aibu, lakini itakuwa aibu yenye mahali pa kusimama.

"Nitamwonyesha mwenyewe," anasema.

"Hapana," anasema Tulia, bado anahesabu. "Bibi nitamwonyesha mimi. Wewe unaweza kumwonyesha pasipo penyewe."

Solomon anamsogelea binti yake, anachuchumaa awe sawa naye, na kumwomba amfundishe ni bomba la ngapi.